Mbwa Aliyeitwa Utaendalini

Nilimtoa mtoto wa mbwa kwa mama yake akiwa na siku kumi na moja, macho bado yamefungwa, ili mama mkwe wangu aondoke nyumbani kwangu. Sikuwa na sababu nyingine. Sipendi mbwa, na nyumba yangu haina kitu cha kulindwa.

Mama mkwe alikuja Januari ya mwaka jana, vita ilipoingia Goma. Alivuka mpaka na begi moja na redio. Yasmina, mke wangu, alimpa chumba cha binti zetu wawili ambao wako shule ya bweni, akaniambia ni wiki mbili tu. Wiki mbili zikapita, ikapita miezi, ukapita mwaka. Goma ilitulia kiasi chake. Watu wakaanza tena kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Twahir, shemeji yangu, kaka wa Yasmina, akarudi kwenye nyumba yake ya Birere, Goma. Mama hakurudi. Ana ugonjwa wa sukari, na vidonge vyake kule vilikuwa vigumu kupatikana. Huku vilikuwa dukani, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu Mbugangari, mjini Gisenyi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake ya kukaa. Niliijua tangu mwanzo.

Mimi ni dereva wa Fuso. Napakia viazi Mudende, nashusha Gisenyi. Mtu akishinda kwenye barabara ile, jioni anataka kukaa kwake, avue viatu, anywe bia yake, ale nyama yake ya nguruwe. Yasmina nilimwoa Mwislamu, mimi ni Mkatoliki, na kwa miaka kumi na tisa tulikuwa tumepatana: nguruwe nilikula uani, kwenye sahani yangu, nikaiosha mwenyewe. Lakini mbele ya mama mkwe huwezi. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, hupishani naye mlangoni. Ukimkuta sebuleni unageuka. Mwaka mzima na mwezi mmoja niligeuka nyumbani kwangu mwenyewe kama mwizi.

Na kumwambia aende? Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mkwe akimfukuza mama mkwe kwa mdomo wake, habari inafika kila kilima, na binti zako hawaposwi. Ilikuwa lazima aondoke mwenyewe. Nikafikiri siku nyingi nikiwa kwenye usukani, ndipo nikakumbuka mbwa. Kwa Waislamu wa kwao mate ya mbwa ni najisi, na nyumba yenye mbwa malaika hawaingii. Zilikuwa zimebaki siku tano Ramadhani ianze. Nikasema, huyu mama hataanza Ramadhani katika nyumba yenye mbwa. Atakwenda kwa Twahir.

Mbwa mkubwa Yasmina angemfukuza kwa ufagio siku hiyo hiyo. Lakini mtoto mchanga, asiye na macho, utamtupa wapi? Kwa hiyo nilitaka mchanga.

Hitimana wa Mudende ndiye mkulima ninayembebea viazi. Mbwa wake wa kulinda ng'ombe alikuwa amezaa watoto watano juu ya gunia, kando ya zizi. Nilimwambia anipe mmoja.

"Utapata," akasema. "Rudi kisha mwezi na nusu."

"Namutaka leo."

"Leo? Hawa hawajaona hata jua. Utawanyonyesha we?"

"Nitanyonyesha."

"Na iyo kifua yako ya manyoya?" Wapakiaji walicheka mpaka wakaweka magunia chini. Mmoja akaniambia nivue shati wajaribu. Hitimana aliwaacha wamalize, halafu akasema bila kicheko: "Sikia, Wellars. Imbwa ya kutolewa mapema kwa mama yake inakuwa mubaya. Si mubaya wa kulinda. Mubaya tu."

"Iyo ni shida yangu."

"Bon. Ni yako. Usije kunirudishia."

Nilichukua yule aliyekuwa karibu na mkono. Mama yake alikuwa upande wa pili wa zizi anakula maganda. Aliponiona naelekea kwenye gari alinusa hewa, akaja. Nilikuwa tayari nimemtia mtoto ndani ya jaketi na kufunga mlango. Alifuata Fuso kwenye vumbi, matiti yakipigapiga, akapita kona ya kwanza, akapita ya pili. Nilimwona kwenye kioo. Niliongeza gia.

Yasmina alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Ni nini iyo?"

"Mbwa."

"Naona ni imbwa. Nauliza ni nini."

"Ni ya kulinda nyumba."

"Kulinda nini? Televizio yenye haiwake? Wellars, mama iko humu ndani. Ramadhani ni siku tano."

"Sasa nitamutupa wapi? Muangalie. Ata macho hana."

Alimwangalia. Mtoto alikuwa anatambaa juu ya mkono wangu, pua inatafuta, anapiga kelele nyembamba kama mlango usio na mafuta. Yasmina aliuma mdomo.

Watu wa kwetu humpa mbwa jina la kumsema mtu. Kama jirani yako anakusengenya, mbwa wako unamwita Semeni. Kila ukimwita mbwa jirani anasikia, na hawezi kukushitaki, maana umemwita mbwa. Nilikuwa nimechagua jina tangu Mudende.

"Anaitwa Utaendalini," nikasema, kwa sauti ya kufika vyumbani.

Yasmina alielewa. Niliona kwenye mikono yake, ilisimama katikati ya maharage.

Pazia la chumba likasogea, Mama akatoka. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Alikuwa amelea watu na mbuzi huko Masisi kabla ya kuhamia Goma. Aligeuza uso ukutani kama inavyopasa, nami nikageuza wangu. Akamwambia binti yake: "Uliza bwana yako kama huyu mutoto amekula."

Niliingia kuvua viatu.

Nilimweka kwenye sanduku la viazi chini ya upenu wa jiko, na gunia moja. Maziwa ya ng'ombe nilimpa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Alilia mchana na usiku. Majirani waliuliza tunachinja nini. Siku ya pili jioni alinyamaza, nikafikiri amezoea. Nilipomshika, tumbo lilikuwa limekaza kama mpira wa ngozi. Nikampigia simu Hitimana.

"Anakojoa?" akauliza.

"Sijaona."

"Hawezi peke yake. Mama yao anawaramba huko chini njo mukojo inatoka. Bila kurambwa inabakia ndani, anapasuka. Donc, ramba." Akacheka mpaka simu ikakatika.

Nilisimama juu ya sanduku. Mtoto alikuwa anahema kwa shida. Kama angekufa jioni ile kazi yangu yote ingekuwa imekufa naye, lakini kumgusa pale nilikuwa siwezi. Kinyaa. Nilikuwa nimesimama hivyo Mama alipotoka na kikombe cha maji ya moto na kipande cha kitambaa laini. Alikuwa amesikia simu. Ua wetu ni mdogo. Alichuchumaa bila kunitazama, akamgeuza mtoto chali kwenye kiganja, akalowesha kitambaa, akaanza kumpangusa polepole kutoka tumboni kwenda chini. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu mkojo ukatoka, mwingi kuliko mwili wake, ukapita kwenye vidole vya Mama ukateremka mpaka kwenye kiwiko. Mtoto akapiga miayo. Akatafuta kidole cha Mama, akakinyonya.

Nilifurahi. Mkono wake ulikuwa umelowa mkojo na mate ya mbwa, nikajua kesho anafunga begi.

Hakufunga. Alimwita Yasmina amletee udongo safi kwenye mkebe. Akanawa pale uani mbele yetu, mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, kama dini yao inavyotaka. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, wenye chembe za kukwaruza kama chupa iliyosagwa. Alisugua mpaka kwenye kiwiko. Halafu akaingia kusali.

"Mama, acha mi nifanye," Yasmina alimwambia.

"We uko na vitenge vyako sokoni. Bwana yako iko na gari yake. Nani anabaki hapa?"

"Basi sala, utawahi masaa yake?"

"Saumu, munganga amenikataza sababu ya sukari. Sala hajanikataza. Nitanawa tu."

Ikawa hivyo Ramadhani nzima. Mtoto wa umri ule anataka maziwa kila saa tatu, na kupanguswa kila baada ya maziwa, na joto. Mama alimfanyia yote. Chupa ya maji ya moto aliifunga kwenye soksi yangu kuukuu akaiweka ndani ya sanduku. Kabla ya kila sala, mara tano kwa siku, alinawa mara saba. Yasmina alimletea glavu za mpira. Mtoto alilisukuma bomba la maziwa kila alipoguswa na mpira, hakutaka, alitaka ngozi. Kule Goma angefunga mkono kwenye mfuko wa plastiki. Huku kwetu mfuko wa plastiki ni kosa la kisheria. Maji ya bomba yanakuja siku mbili kwa wiki. Madumu tuliyojaza kwa ajili ya wiki nzima yalianza kuisha Jumatano. Nilikoga kwa kikombe, nikasema moyoni, na hili nalo litamchosha.

Siku ya tatu tangu nimlete, macho yalifunguka. Mimi nilikuwa Mudende. Aliyeonekana kwanza alikuwa Mama.

Alilifupisha jina. Akamwita Lini.

Kwa kuwa mama mkwe hasemezwi, nilimsemeza mbwa. Jioni nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikamwita kwa jina lake lote. "Utaendalini! We Utaendalini, kuja. Umekula ya watu leo tena? Wageni wa sasa hawana haya. Wanakula, wanalala, na njia ya kwao wanaijua."

Jibu lilitoka jikoni, nalo kwa mbwa: "Lini, kuya hapa. Usisikilize kelele ya injini. Ambia mwenye nyumba maziwa imeisha, alete ingine kesho."

"Utaendalini, waambie maziwa ni ya mbwa, si ya uji wa mutu."

"Lini, ambia mwenye nyumba mi sinywi maziwa ya imbwa. Sukari yangu inanitosha."

Yasmina akapita katikati na sufuria ya futari. "Nyinyi wawili mutaua iyi imbwa na maneno."

Mbwa mwenyewe alikuwa anakwenda kwa Mama kila mara. Hata nikiwa na nyama mkononi. Nilikuwa nimemleta amfukuze, naye akawa wake. Hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Siku moja Mama alipokuwa chooni niliacha pazia la chumba chake wazi nikamsukuma mbwa ndani kwa mguu. Akaenda akalala juu ya msala wa kusalia na kukojoa hapo. Mama aliporudi aliutoa msala uani, akauosha mara saba, akaanika. Sala ya alasiri aliisali juu ya kitenge.

Halafu meno yakaota.

Mtoto wa mbwa ana meno kama miiba ya samaki. Wenye ndugu wanaumana, na aliyeumwa sana analia na kuacha mchezo, na mama yao anambana shingo anayezidi. Hivyo ndivyo wanavyojua wapi pa kukomea. Huyu hakuwa na ndugu wala mama. Alikuwa na mkono wa mwanamke mzee tu. Alipong'ata hakuachia, akatikisa kichwa kama anayechana kitambaa. Hitimana alinieleza tukipakia, nilipomwonyesha alama kwenye buti langu.

"Hakuumwa, njo maana hajui kama inauma," akasema. "Kila akiuma mufinye pua, muache peke yake, mumunyime maziwa kidogo. Ambia watu wa nyumba. Na mapema, kabla hajazoea. Mate ya iyi imbwa, mutu wa sukari asicheze nayo. Si mama mukwe yako iko na sukari?"

"Iko nayo."

"Basi ambia."

Sikuwaambia. Nilikuja nyumbani nikafunga mkono wangu kwa gunia, nikamchokoza mpaka akashika na kuning'inia, halafu nikampa mnofu. Nikafanya hivyo jioni tatu, nne. Mbwa anajifunza haraka. Ukimpa nyama kwa kuuma, atauma apate nyama. Nilifikiri: akimuuma mara mbili, mara tatu, mama atachoka. Sikufikiri zaidi ya hapo. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo.

Alimuuma wiki ya tatu ya mfungo, asubuhi, wakati wa kumpa maziwa. Sikuwepo. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati, meno yaliingia mpaka kwenye kifundo. Ngozi ya mikono ile ilikuwa tayari imepasuka kwa kunawa, nyufa nyeupe kwenye kila kiungo. Hakumwambia mtu. Alifunga kitambaa, na kabla ya adhuhuri alikifungua akanawa mara saba, mara moja kwa udongo. Akasugua ule udongo ndani ya kidonda, kwa sababu kidonda ndicho kilichoingiwa na mate. Akafanya hivyo alasiri. Akafanya magharibi, na isha, na alfajiri. Nilikiona kitambaa jioni ile. Kilikuwa na damu. Nilimwita mbwa kwa jina lake lote na nikampa mnofu.

Idi ilikuwa siku kumi baadaye. Yasmina alipika pilau. Mimi kama kawaida nilikula chumbani peke yangu, wao wakakaa mkekani sebuleni, nikawa nasikia kila kitu kupitia pazia.

"Mama, unakula na mukono wa kushoto?"

"Ule wa kuume unachoka."

"Siku ya Idi unakula na kushoto. We mwenye ulinipiga sababu ya iyo. Leta mukono."

"Kula, chakula inapoa."

"Mama. Leta mukono."

Nikasikia kitambaa kinafunguliwa, kinanatana na nyama. Halafu harufu ikanifikia mpaka chumbani, juu ya pilau. Yasmina hakulia. Alisema tu jina la Mungu, mara nyingi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu. Nilitoka. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mama mkwe. Kidole cha shahada kilikuwa cheusi mpaka katikati, cha kati kimevimba na kung'aa, na wekundu ulikuwa umepanda mkono.

Niliwapeleka hospitali kwa Fuso, wote watatu tumekaa mbele, mama mkwe katikati, bega lake kwenye bega langu. Mwuguzi aliukunjua mkono akauliza nani alimwambia apake udongo. Mama akasema dini yake. Mwuguzi akasema dini haikumwambia afe. Mama akamjibu kwamba hajafa bado, aendelee na kazi yake. Walimpima sukari, wakaandika namba wakaionyeshana. Wakauliza kama mbwa alichanjwa. Hakuchanjwa. Wakamwanzishia sindano za kichaa cha mbwa, na siku ya pili wakakata kidole cha kwanza. Siku ya tano cha pili. Tukafikiri imekwisha. Siku ya kumi na mbili walikata cha pete, kwa sababu uozo ulikuwa umevuka.

Yasmina alinikuta kwenye korido nimeshika chupa ya chai.

"Hitimana amepiga simu yako," akasema. Nilikuwa nimeiacha kwake. "Anauliza mama iko namna gani. Anasema alikuambia. Mufinye pua, ambia watu wa nyumba. Anasema alikuambia tangu kati ya Ramadhani."

"Aliniambia."

"Na hukutuambia."

"Sikuwaambia."

Alingoja niongeze kitu. Ningeweza kusema nilisahau, na nadhani angetaka niseme hivyo.

"Jina ya iyo imbwa nilielewa siku ya kwanza," akasema. "Nilinyamaza, nikasema atachoka. Iyo ni zambi yangu. Mi niko nayo." Akachukua chupa ya chai mkononi mwangu akarudi wodini.

Twahir alikuja kuwachukua katikati ya Aprili. Ni mtu mnene, mpole, mwenye gereji ndogo ya pikipiki. Hakunitukana. Alibeba begi na redio, akasema: "Shemeji, gari iko upande ule. Tutembee tu mpaka ku mupaka." Nilimwambia vidonge nitakuwa nanunua huku natuma. Akasema sawa. Yasmina alikuwa na begi lake pia. Mama alikuwa hawezi tena kufunga kilemba wala kujisafisha kwa mkono wa kulia, na mtu wa kumfanyia hayo ni binti. Mimi nilidhani ni kwa wiki chache. Nilitembea nao nikiwa nyuma, kama inavyopasa.

Kwenye foleni ya mpaka, kati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya, Mama aligeuka akanitazama machoni. Aliniita jina langu, jambo ambalo mama mkwe halifanyi.

"Wellars. Nilijua siku ya kwanza, wakati ulisema jina. Kule Birere dawa hakuna, njo maana nilibaki. Nilifikiri we utachoka kabla yangu."

Watu walitusukuma. Nilisema, "Ndiyo, Mama," na sijui nilikuwa najibu nini. Twahir alimshika mkono wa kushoto, wakapita.

Nyumba ilibaki yangu. Nilinunua bia, nikanunua nguruwe, nikakaa sebuleni bila viatu. Mbwa alikaa kwenye pazia la chumba cha Mama. Nilimwita Utaendalini, hakusogea. Nilimwita Lini, akainua masikio akatazama mlango wa nje, si mimi. Siku nne hakula. Siku ya tano nilimshika shingoni nimlishe kwa nguvu, akaniuma mkono akatikisa kichwa jinsi nilivyomfundisha. Nilimtoa nyuma ya nyumba nikampiga kwa spana ya magurudumu. Pigo la kwanza halikumaliza. Alijaribu kutambaa kuelekea mlangoni. Nilipiga mara mbili zaidi. Nilimzika kwenye udongo ule ule mweusi, si kina kirefu, mawe yalinizuia.

Mimi pia nilidungwa sindano zote.

Vidonge nilituma mara mbili. Mara ya tatu Fuso ilikuwa imeharibika gia, nikasema wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo nilisema hivyo tena. Twahir alipiga simu Juni, asubuhi, nikiwa nashusha mzigo. Alisema Mama amefariki alfajiri, sukari ilipanda, na mguu nao ulikuwa umeanza kuoza. Alisema wanazika adhuhuri, na kama nataka kuja nije, lakini Yasmina amesema heri nisije. Nikamwomba anipe Yasmina. Akasema yuko anamwosha mama yake.

Sikwenda. Nilimaliza kushusha.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati na cha pete. Sindano tano zake na tano zangu. Mama mkwe mmoja, aliyeishi wiki tisa baada ya kuvuka. Mke wa ndoa ya miaka kumi na tisa, ambaye amebaki Birere na hapokei simu yangu. Binti wawili, ambao likizo ya Julai walipita Gisenyi kwenye basi na kushukia mpakani. Mtoto wa mbwa mmoja, miezi miwili na nusu.